Sanduku la Maswali ya Filamu: Kijito, Mtoto Anayecheka na Mfungwa

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kayole. Nasomea utengenezaji wa filamu hapa Nairobi. Muhula huu tulionyeshwa filamu bubu ya Kirusi iitwayo Mama, ya mwaka wa 1926, iliyoongozwa na Vsevolod Pudovkin. Kuna mahali kijana aliye gerezani anapata kikaratasi cha siri kwamba kesho yake atakuwa huru. Badala ya kutuonyesha uso wake ukifurahi, tunaonyeshwa kijito cha maji, ndege, halafu mtoto anacheka. Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, lakini nilishindwa kuwaeleza sababu. Sasa natengeneza filamu yangu fupi kuhusu mama wa mtaa wetu ambaye mwanawe yuko rumande ya Industrial Area. Mwishoni anasikia kijana amepewa dhamana. Mwigizaji wangu analia vizuri sana, na kila mtu ananiambia nimpige picha akilia, nifunge kazi. Au na mimi nitafute kijito? – Msomaji wa kike, Kayole

JIBU: Binti yangu, kijito usikitafute. Na yale machozi pia usiyategemee. Nitakueleza yote mawili, ila kwanza niwape hadithi wasomaji ambao hawajaiona filamu yenyewe.

Pelageya Vlasova ni mke wa mfanyakazi mlevi wa kiwandani, Urusi, wakati wa machafuko ya 1905. Mume amefika mahali pa kushusha saa ya ukutani ili aipeleke kilabuni apate ya kunywa. Mwana wao, Pavel, amejiunga na wanaopanga mgomo. Baba anajiunga na genge la kuvunja mgomo na anauawa kwenye vurugu. Polisi wanapokuja kupekua nyumba, mama anaamini kwamba wakubwa wakiambiwa ukweli watamhurumia mwanawe. Kwa mkono wake mwenyewe anawatolea silaha zilizofichwa chini ya mbao za sakafu. Wanamchukua Pavel, mahakama inamhukumu, na mama anabaki na alichokifanya. Hadithi imetoka kwa riwaya ya Maxim Gorky, lakini Pudovkin na mwandishi wa skripti, Nathan Zarkhi, waliigeuza sana. Kwenye riwaya baba anakufa mapema kwa ugonjwa. Kwenye filamu kifo chake ni cha vurugu, na maiti yake inarudishwa kwenye chumba kilekile anacholala mwanawe mgomaji. Ona jinsi nyumba moja ilivyobebeshwa mzigo wa nchi nzima.

Pudovkin alizaliwa Penza mwaka wa 1893 na akasomea sayansi Moscow kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kumchukua. Alijeruhiwa, akatekwa na Wajerumani, akarudi kwao 1918. Ndipo alipoingia kwenye sinema na kuwa mwanafunzi wa Lev Kuleshov, mtu aliyekuwa akifanya majaribio ya kuunganisha vipande vya filamu. Jaribio moja lao linafundishwa hadi leo, na bila shaka umelisikia darasani. Walichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha lolote, wakauunganisha na sahani ya supu, kisha na mwanamke aliyelala ndani ya jeneza, kisha na mtoto wa kike anayecheza. Watazamaji wakasifu uigizaji: alivyoitamani ile supu, alivyomlilia marehemu, alivyomfurahia mtoto! Uso ulikuwa uleule mara zote tatu.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hulipita haraka, na mimi naona ndilo linalomfungua Pudovkin. Wakati uleule alipokuwa akitengeneza Mama, alikuwa akitengeneza pia filamu ya kisayansi kuhusu majaribio ya Ivan Pavlov, yule mtaalamu aliyemzoesha mbwa kudondokwa na mate kwa ishara tupu kabla ya chakula kuletwa. Asubuhi maabara, jioni hadithi ya mama na mwana, au kinyume chake. Kwa hiyo Pudovkin alijua kwamba hisia haitoki kwenye kitu kimoja. Inatoka pale vitu viwili vinapokutana ndani ya mwili wa anayetazama. Kwake mwongozaji kazi yake ni kupanga mikutano hiyo.

Sasa turudi kwenye seli. Pudovkin mwenyewe aliandika kuhusu tukio hilo. Alisema uso unaong'aa kwa furaha ungekuwa picha bapa, isiyomgusa mtu. Kwa hiyo anaanza na mikono ya Pavel inayocheza kwa wasiwasi. Kisha picha ya karibu sana ya nusu ya chini ya uso, pembe za mdomo zinapoanza kupanda. Halafu kijito kilichojaa maji ya majira ya kuchipua, mwanga wa jua unaovunjikavunjika juu ya maji, ndege wanaojirusha bwawani, na mwisho mtoto anayecheka.

Itazame tena hatua kwa hatua. Mtu aliye seli furaha yake haina pa kwenda. Akiruka, askari atamwona. Akipiga kelele, mpango wote umeharibika. Furaha imembana hadi kwenye vidole. Pudovkin anaichukua na kuitoa nje kwa niaba yake, inapita ukutani bila ruhusa ya mtu. Na tazama tena mdomo ule. Ametuonyesha nusu ya tabasamu, akakata. Tumebaki nayo mkononi. Kijito hakitabasamu, ndege hawatabasamu, tunazidi kungoja, na hatimaye unakuja uso mzima unaocheka, uso wa mtoto. Lile tabasamu lililokatwa limemalizikia kwa mtu mwingine. Wenzako walicheka kwa sababu walikiona kijito kama nembo, kama maua kwenye kadi ya harusi. Wewe hukucheka kwa sababu mwili wako ulikuwa umeshaanza kungoja. Kawaambie hivyo.

Kisha kuna sababu ya hadithi. Kijito kile hakikuokotwa porini kwa kuwa kinapendeza. Ni theluji inayoyeyuka siku hiyohiyo, nje ya gereza hilohilo. Sehemu ya mwisho ya filamu, mto mkubwa wa mji unavunja barafu yake. Wafanyakazi wanaandamana barabarani, barafu inaandamana mtoni, na Pavel anatoroka kwa kurukaruka kutoka kipande kimoja cha barafu hadi kingine huku risasi zikimfuata. Maji yaliyokuwa furaha ndani ya seli yamekuwa njia ya kutorokea, na ni yaleyale yanayoweza kumzamisha. Mwongozaji aliyeona hayo yote kabla hajawasha kamera ndiye ninayemwita mwenye maono. Picha nzuri anaweza kuzipata mtu yeyote aliyeamka mapema.

Ndiyo maana nakukataza kijito. Kwa Mrusi, maji yanayokimbia ni habari kwamba miezi ya baridi imekwisha. Kwa mtu wa Nairobi je? Aprili ya 2024 mto Mathare ulipofurika ulisomba nyumba na watu. Mtazamaji wako wa Kayole akiona maji ya kahawia yanabubujika kwa kasi, swali litakalomjia ni nani amechukuliwa. Utakuwa umemwonyesha mama anayepewa habari njema, naye mtazamaji ameshika roho. Picha ya Pudovkin ukiihamisha jinsi ilivyo itakugeuka. Namna alivyofikiri ndiyo unayoweza kuichukua.

Basi jiulize: mwili wa mama wa Kayole unajua nini kuhusu kitu kilichozuiliwa kisha kikaachiliwa? Mimi nimekaa Eastlands karibu maisha yangu yote, na jibu linalonijia ni mfereji wa plot. Maji yamekatika, jerikeni za njano zimepangwa foleni tangu juzi, kila moja na alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu mkononi, jina lililoandikwa kwa msumari wa moto, kifuniko cha gunzi la mahindi. Mtu ameacha mfereji wazi makusudi. Halafu usiku, wakati hakuna anayetazama, mfereji unakohoa. Unatoa hewa. Unatema maji ya rangi ya chai, unanyamaza, unatema tena, na jerikeni iliyo chini yake inaanza kulia kwa sauti nzito, kisha nyembamba kadiri inavyojaa. Mlango mmoja unafunguka. Mtoto anapiga kelele, “Maji yamerudi!” na milango yote inafunguka. Hapo kuna mwanga, mwendo, sauti na mtoto, na hakuna mtazamaji wa mji huu atakayehitaji kuelezwa.

Lakini usiulete mfereji mwishoni kama mgeni. Uweke mapema, ukiwa mkavu. Pudovkin ana somo hapa pia. Mama anakesha kando ya maiti ya mumewe, ameketi tu, na tunaonyeshwa matone ya maji yakidondoka, tone baada ya tone. Hakuna kinachofanyika. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote kwenye filamu, kubwa kuliko mto wa barafu, kwa sababu inakufanya uhesabu muda kama mfiwa anavyouhesabu. Kwenye filamu yako, siku kijana anapokamatwa, onyesha mfereji ukitoa tone la mwisho na mama akilisubiri jingine ambalo haliji. Umalize hapo, uende mahakamani Makadara. Ukirudi mfereji ukikohoa, mtazamaji atakuwa ameubeba bila kujua.

Kuhusu huyo mwigizaji wako anayelia vizuri: namheshimu, lakini mzuie. Vera Baranovskaya, aliyeigiza mama, alitoka kwenye Jumba la Sanaa la Moscow, ukumbi wa Stanislavsky, yule mwalimu mashuhuri wa uigizaji, na Nikolai Batalov aliyeigiza Pavel alitoka hukohuko. Hao ni watu waliofunzwa kulia hadi viti vya nyuma vilie nao. Kwenye kesha lile Pudovkin alimtuliza Baranovskaya mpaka akawa karibu kama jiwe, akaliachia tone la maji kazi ya kulia. Wewe mpe mama yako kitu cha kufanya kwa mikono. Amesikia habari kwa simu, na mkononi ana leso iliyofungwa fundo la pesa alizochanga za dhamana. Mpige picha vidole vikijaribu kufungua fundo na kushindwa. Mdomo uonekane nusu. Halafu kata.

Na kamera uiweke wapi? Mpiga picha wa Pudovkin alikuwa Anatoli Golovnya. Yule polisi anayelinda nje ya mahakama alimpiga picha kutoka chini, akawa kama sanamu yenye buti. Mama, mwanzoni, amepigwa kutoka juu, kichwa kimeinama, mabega yamebanwa na sakafu. Kadiri anavyoamka, kamera inashuka, mpaka anapobeba bendera kwenye maandamano ya mwisho tunamtazama kutoka chini kama tulivyomtazama yule polisi. Simu yako inaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote. Panda juu ya benchi siku ya mahakama, na siku ya mfereji piga magoti kwenye matope.

Nikuongezee moja kuhusu sauti, maana wewe unayo na Pudovkin hakuwa nayo. Mwaka wa 1928, filamu za sauti zilipokuwa zinakuja, yeye na waongozaji wenzake wa Kisovieti, Sergei Eisenstein na Grigori Alexandrov, walitoa tamko wakionya kwamba sauti ikitumika kurudia tu kile kinachoonekana itaua ufundi wa kuunganisha picha. Walitaka sauti ivutane na picha. Kwa hiyo jaribu hivi: tukiwa bado tunatazama vidole kwenye fundo la leso, tusikie mfereji ukikohoa kabla hatujauona. Na tafadhali usiweke muziki juu yake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni wa Buruburu. Naandaa filamu yenye mkutano wa hadhara ambapo umati unamsikiliza mgombea anayeahidi kugawa ardhi. Waigizaji wa ziada ni gharama, na wanaigiza kupita kiasi. Rafiki yangu anasema nichukue watu wa mtaani kama Eisenstein alivyofanya. Mwingine anasema Pudovkin alithibitisha kwamba lazima uwe na waigizaji waliosomea. Nani mkweli? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Kijana wangu, hao wawili wangepatana kama wangemsoma Pudovkin hadi mwisho. Ni kweli Eisenstein kwenye filamu zake za 1925 alichagua watu kwa sura zao, na shujaa wake ni umati. Pudovkin alitaka mtu mmoja tumfuate tukimpenda, na kwa mtu huyo alitafuta mwigizaji hasa. Walibishana sana. Pudovkin aliona vipande vya filamu vikipangwa kimoja baada ya kingine kama matofali hadi maana isimame. Eisenstein akasema maana hutoka pale vipande vinapogongana. Mimi namwelekea Pudovkin kwa hadithi za watu na Eisenstein kwa hadithi za mitaa.

Lakini kwa umati, Pudovkin alitumia watu wa kawaida, tena kwa ujanja ambao unakufaa wewe moja kwa moja. Alipokuwa akipiga filamu yake ya 1928 kule kwa Wamongolia, ile inayojulikana kwa jina la Dhoruba Juu ya Asia, alihitaji umati ukitazama ngozi ya thamani ya mbweha kwa macho ya kuduwaa. Ukimwambia mtu “duwaa”, atakukodolea macho na kuharibu picha. Basi akamkodi Mchina mfanya viinimacho awachezee, akawapiga picha nyuso zao wakimtazama. Baadaye akaunganisha nyuso hizo na picha ya ngozi mikononi mwa muuzaji, na mfanya viinimacho hakuonekana popote. Tamaa yote unayoiona kwenye macho yao ni tamaa ya kujua yule bwana ameficha wapi kile alichokificha.

Sasa nenda Jeevanjee Gardens saa ya chakula cha mchana. Kaa kwenye ukingo wa duara la watu wanaomsikiliza mhubiri au mchekeshaji. Tazama jinsi mtu anavyoacha mdomo wazi kidogo mzungumzaji anapokaribia neno lenyewe, jinsi yule wa nyuma anavyosimama kwa vidole, jinsi mwenye mkoba anavyousahau mkoba. Huyo ndiye umati wako unaosikiliza ahadi ya ardhi. Umlete mchekeshaji wako mwenyewe, upate kibali, uwaambie watu wazi kwamba unapiga filamu na nyuso zao zitatumika kwenye hadithi ya mgombea, na uwape chochote. Hapo siko tayari kulegeza. Sura ya mtu ikiunganishwa na maneno ambayo hakuyasikia inaweza kumletea matata nyumbani, hasa karibu na uchaguzi, na wewe mhariri ndiye uliyemtia maneno hayo masikioni.

Mgombea mwenyewe mtafutie mwigizaji. Huyo ana mistari ya kusema na uongo wa kuuficha, na hilo ni jambo la kusomea.

SWALI: Nimeona mnazisifu filamu za Kisovieti. Je, si propaganda tupu? Tunaziheshimu kwa nini? – Msomaji, Ngara

JIBU: Ni propaganda, na hawakuficha. Mama inamalizia kwa bendera juu ya Kremlin. Mwaka uliofuata Pudovkin alitengeneza Mwisho wa Saint Petersburg kwa ajili ya kuadhimisha miaka 10 ya Mapinduzi ya 1917, kazi ya kuagizwa. Zile picha za mwisho za Mama hazinigusi. Zinaniomba nikubali jambo, nami naweza kukubali au kukataa nikiwa nimeketi vizuri kwenye kiti changu. Tone la maji kando ya maiti haliniombi chochote, na kila nikiliona koo linakauka. Filamu hiyohiyo, mwongozaji huyohuyo, dakika chache kati ya moja na nyingine.

Pia ukumbuke serikali ile ile haikuridhika naye. Kufikia miaka ya 1930 wakubwa wa sanaa chini ya Stalin waliuona mtindo huu wa kuunganisha picha kuwa mchezo wa umbo usiomfaa mfanyakazi. Walitaka hadithi zilizonyooka zenye shujaa anayetabasamu uso mzima. Pudovkin aliendelea kutengeneza filamu hadi alipofariki 1953, na nyingi kati ya zile za baadaye zina nyuso nzimanzima zinazong'aa. Ukizitazama baada ya Mama utajionea kilichopotea, na utajua ni nani aliyekipoteza.

Wewe uliyeko Ngara, kama unataka kumpima mwenyewe, usianze na hotuba wala bendera. Anza na dakika za kesha la mama, bila muziki, taa zikiwa zimezimwa, kisha niandikie.